Viti Uani

Juzi yule anayenikanda kiuno alisukuma viti vyake nje apate nafasi ya kutandika mkeka, na moyo ukanilipuka kabla sijajua kwa nini.

Kwetu Likasi, viti vya sebuleni vikitolewa vyote na kupangwa uani, ujue mtu amekufa. Hata mtoto mdogo alilijua hilo. Miaka ile kiwanda alichofanyia kazi baba kilikuwa kimelala, naye alikwenda kuchimba mawe Kambove, akirudi ameinama kama mundu. Alasiri moja nilitoka shule nikakuta viti vyetu vyote nje, juani. Niliingia mbio. Ndani kulinuka mawese ya moto. Baba alikuwa amelala kifudifudi mkekani, hatikisiki, mgongo ukimeta, nami nikadhani wanampaka maiti mafuta. Kisha jirani yetu Mama Mapasa, aliyezaa mapacha, akapanda juu yake kwa miguu mitupu. Kitu kikalia ko! ndani ya baba.

Nilipiga yowe. "Unavunja papa yangu! Shuka! Shuka!"

"Nyamaza, mutoto," alisema bila kushuka. "Muguu ya mama ya mapasa ndjo inaponesha mugongo."

Halafu baba akaguna, uso ungali mkekani. "Minye niko muzima, mwana yangu. Shika mukono."

Ulikuwa na joto.

Miaka mingi baadaye viti vilitoka tena. Nilisimama mlangoni muda mrefu, nikisubiri baba agune.