Rafu ya Wanyonya-Damu

Mimi na Popo hatuelewani, na asitokee mtu wa kudhani vinginevyo. Mimi nakaa mapokezi ya zahanati, yeye yuko chumba cha pili, anatoa watu damu za kupima. Miaka yote hii tunapitana kwenye korido kila mtu na lwake. Jina la Popo tulimpa nyuma ya mgongo wake, kwa sababu ya vitabu anavyosoma. Alipolisikia alinijia mezani, akasema, "Afadhali popo kuliko kunguru," akaenda zake.

Vitabu vyenyewe ni vya vampaya, wale wafu wanyonya-damu, vile wanavyoandikiwa vijana: kaka mzuri asiyezeeka, binti wa shule, mapenzi, meno. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, anavisoma wakati wa chai na vichupa vya damu za watu vimejipanga mbele yake. Siku moja nilimwambia hana haya. Akanijibu kwamba haya anayo, muda wa kuishughulikia ndio hana.

Likizo ndefu ikifika, anapanga rafu nzima mlangoni kwake na kuwachagulia vijana wanaokuja kupimwa. "Wewe unaogopa giza, chukua hiki, vampaya wake anakula maboga." "Wewe umeachwa? Chukua hiki, humu bwana anachomwa moto." Na ana sharti lake: kitabu cha kwanza unapewa ukishatolewa damu, cha pili unapewa ukirudi kutolewa tena. Hakuna damu, hakuna kitabu. Mimi lilinikera, lakini watoto waliokuwa wakiburutwa na mama zao walianza kuja wenyewe.

Hasa Kibiriti. Huyu ni binti wa miaka kumi na minne mwenye figo mbovu, na hilo jina linamfaa, maana anawaka kwa neno moja. Ilibidi apimwe damu kila wiki ndipo daktari ajue kama dawa ni ya kupunguza au kuongeza. Asipopimwa, dawa hiyohiyo inaweza kummaliza. Alichukia sindano, alichukia zahanati, na sisi wote alituchukia bila ubaguzi. Kwa Popo alikuwa anakuja kugombana tu.

"Anti, huyu vampaya wako bwege kweli! Ameishi miaka mia tatu na bado anaogopa kumsalimia msichana!"

"Bwege ni wewe uliyekesha unamsoma. Kunja ngumi."

Sindano inaingia, yeye bado anakitukana kitabu.

Kisha tukaletewa muuguzi mkuu mpya. Mama huyu aliiona rafu siku yake ya kwanza akashika kiuno. "Mgonjwa anakuja kutolewa damu, anakaribishwa na picha ya mtu ana damu mdomoni! Hapa ni zahanati au kuzimu?" Vitabu vikatiwa kwenye boksi, boksi likafungiwa stoo, na pale pa rafu likabandikwa bango la kunawa mikono. Mimi nilifurahi kwa moyo wangu wote.

Kibiriti alikuja, akalitazama bango. "Vitabu viko wapi?"

"Stoo," nikamjibu.

Akageuka, akatoka. Wiki iliyofuata hakuonekana kabisa. Bibi yake akapiga simu: mtoto amevimba uso, na kuja hataki.

Popo hakubisha hodi kwa muuguzi mkuu. "Nipe ufunguo wa stoo."

"Wewe ni mtaalamu wa maabara, si muuza hadithi."

"Basi nenda kamtoe damu wewe, na hilo bango lako."

Daktari, aliyekuwa anasikia yote kutoka chumbani kwake, alimpa Popo ruhusa ya kwenda kumpimia nyumbani. Ufunguo ukarushwa mezani. Muuguzi mkuu akanigeukia mimi: "Mfuate. Hilo boksi lirudi hapa!" Nikatembea juani nyuma ya mtu nisiyempenda, boksi kichwani, tukirushiana maneno njia nzima.

Bibi alitufungulia mlango. Kibiriti alikuwa amelala kwenye kochi, uso umejaa hata macho yamebaki mstari. Nilishtuka. Popo hata hakumpa pole.

"Mkono."

"Sitaki."

"Nani kakuuliza unachotaka?" Akachomoa kitabu kipya kabisa kutoka kwenye boksi. "Hiki ndicho cha tatu cha yule vampaya wako bwege, cha mwisho. Nyoosha mkono, au nakutajia anayekufa."

"Huthubutu!"

"Wala sio yule unayemdhania. Ni yule mwenye..."

"Nyamaza!" Kibiriti aliziba masikio. Popo akangoja na sindano yake. Mwishowe mkono mmoja ukashuka, ukanyooka, mwenyewe akilia kwa hasira na kumwita Popo mchawi. Mshipa ulipatikana mara moja.

"Wiki ijayo unakuja mwenyewe," Popo alisema, akimtupia kitabu mapajani.

"Nije kufanya nini? Si umesema ndicho cha mwisho?"

"Uje unirudishie kitabu changu, mwizi wee."

Tukarudi, yeye na kisanduku cha baridi chenye ile damu, mimi na boksi langu. Njiani nilishindwa kuvumilia. "Haya, nani anakufa?"

"Nitajuaje? Sijakisoma."

"Si ulikuwa unamtajia?"

"Nilikuwa namtisha. Kimefika kabla hatujafungiwa rafu. Nikasema aanze yeye, halafu atakuja tugombane."

Nikasimama. "Sasa kama..."

"Kama nini?" Alinigeukia, macho mekundu. "Malizia, si una mdomo?"

Nikaliweka sawa boksi kichwani.

"Atakuja," alisema. "Lazima aje anisimulie. Na wewe usinitumbulie macho, tembea, damu inapata joto."