Kifua Kipana, Kiuno Legevu

Mwanangu, ipo siku ambayo hadi leo nikiikumbuka moyo hunilipuka. Nilikuwa kijana, mbeba mabelo, yale marobota ya mitumba, pale sokoni Mchikichini, na kiburi kimenijaa hadi puani. Kila jioni nilinyanyua vyuma kwenye jimu ya mtaa wa Gerezani, kifua kikatuna. Tumbo na mgongo sikuvishughulikia. Nilijifunga mkanda mpana kiunoni, nikaona yametosha.

Mzee Chitanda, mbeba mizigo mwenzetu wa Lindi, mwembamba hivi, aliniasa: "Dogo, mkanda umekudanganya. Kiuno chako hakina nguvu." Nikamcheka mbele ya watu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila mimi nusura nivunje la mwenzangu.

Siku hiyo nilikuwa napandisha belo ghorofani. Nilipogeuka kwenye kona ya ngazi, mgongo ukalia ko! Miguu ikaisha nguvu, belo likaniponyoka na kubingirika hadi chini alipozoea kukaa Bi Zainabu, muuza vitumbua. Lo! Kigoda chake kikawa vipande. Yeye alikuwa ndio kwanza ameinuka kuokota upawa wake.

Akatazama juu, macho yetu yakakutana. "Baba, ungeniua," akasema, basi.

Nikalala ndani siku nyingi kwa maumivu ya mgongo. Nilipopona, Mzee Chitanda alikuja, na wala hakunisimanga. Akalala kifudifudi, akajiinua juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, huku akinipigia soga! Nami nikajaribu. Hesabu ya kumi sikuifikisha, mwanangu. Mimi, na kifua changu chote! Akanifundisha pia kupiga magoti, viganja chini, kisha kunyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto bila kuyumba, halafu kubadilisha. Na kulala chali, magoti juu, nikiinua nyonga polepole. Haba na haba hujaza kibaba. Baada ya miezi nikabeba bila mkanda.

Sasa nawe unayejipiga picha za kifua, nisikilize. Jenga kiuno kabla ya mikono. Fanya kidogo kila asubuhi, usibane pumzi, na tumbo likianza kushuka, pumzika. Mgongo ukiuma, acha, kamwone daktari; ubishi si dawa.

Mungu akujalie kiuno imara na sikio la kusikia. Na akuepushe kumtazama machoni mtu uliyekaribia kumuua kwa kiburi chako.