Kipima Mwanga cha Mume Wangu

Mume wangu alipiga picha za harusi na mazishi hapa Nakuru miaka mingi, na hata aliponunua kamera ya dijitali hakuacha kipima mwanga chake cha mkononi. Wenzake walimcheka. "Boss, si kamera inapima yenyewe?" Alijibu kwamba kamera huangalia kinachong'aa, naye anataka kujua mwanga unaomwangukia mtu. Mimi niliishia darasa la nane, sikuelewa. Nilibeba begi tu. Moyoni nilidhani anajionyesha.

Siku tulipomzika, kifaa kilikuwa kabatini. Jamaa mmoja alitupiga picha kwa simu. Katika picha hizo mimi ni kitambaa cheupe cha kichwani kisicho na uso.

Sasa kazi yake naifanya mimi. Juzi niliitwa Dundori, kwa mzee aliyefiwa na mkewe. Kabla jeneza halijapelekwa kaburini, familia huitwa kwa makundi kupigwa picha kando yake. Binti yao akaninong'oneza, "Mathe, hatuna picha hata moja ya baba na mama pamoja. Hii ndiyo nafasi ya mwisho."

Mzee alisimama kando ya jeneza, katikati ya akina mama wa kanisa wenye vitambaa vyeupe vya kichwani, na mawingu meupe nyuma yao. Kipima mwanga kilikuwa mfukoni, lakini niliona haya kumsogezea mfiwa kifaa usoni. Nikaiachia kamera ipime. Nilipoangalia kioo chake, vitambaa vilikuwa vizuri sana. Uso wa mzee ulikuwa giza, hata macho hayaonekani.

Emsii, mwendesha shughuli, alikuwa ameshaita wabebaji wa jeneza.

"Ngojeni kidogo," nikasema.

Nilifanya kama mume wangu alivyokuwa akifanya. Alikuwa akiiacha kamera nyuma, akisema pole kwanza, ndipo akishika kifaa chini ya kidevu cha mfiwa, kile kinundu chake cheupe cha kupokea mwanga kikitazama pale kamera itakaposimama. Sikuwahi kuona mfiwa akimkwepa.

"Pole sana, mzee. Nakusumbua kidogo."

Shemeji wa mzee akadakia, "Mama, unampima homa?"

Akina mama wakacheka ndani ya leso zao.

"Wacha apime," mzee akasema. "Labda ataniandikia dawa."

Nikasoma namba, nikaziweka kwenye kamera vilevile, ingawa kamera ilionyesha kwamba nimekosea. Nikapiga mara tatu.

Mikunjo ya paji la uso ilionekana, macho yalionekana, na vitambaa bado vilikuwa na mapindo yake. Nilisimama pale nikimstaajabia mume wangu kana kwamba ndiye aliyeipiga picha hiyo. Kazi hii yote aliifanya kimya, mbele yangu, nami nilikuwa nimebeba begi.

Binti aliitazama picha, akampelekea baba yake kamera. Mzee akaisogeza karibu na macho.

"Kumbe nimelia hivi," akasema, kisha akawaambia wabebaji wainue jeneza.