Salamu Kabla ya Ukuta

Jumamosi asubuhi nusu ya Kibondo ilijua Yusta Nduwayezu anaelekea wapi: kutoka sokoni hadi kwenye mashine ya kusaga ya Mzee Bazilio, kuta saba zenye picha, wageni wakimfuata nyuma. Kazi hiyo hakupewa na mtu. Mwaka 2012 daktari mmoja aliyehamishwa kutoka Mbeya alisimama kwenye meza yake ya vitenge, akauliza ni nani aliyemchora simba ananyolewa ndevu kwenye kibanda cha kinyozi jirani. Yusta akaiacha meza, akampeleka kuona na picha nyingine sita. Tangu hapo kila mgeni mwenye macho alielekezwa kwake.

Picha zote zilitoka katika mkono mmoja, wa Pasikali, mchora mabango ambaye sasa alikuwa amehamia Kahama. Yusta alimkorogea rangi alipokuwa msichana, kwa hiyo alijua mengi. Ng'ombe wa buchani, kwa mfano, alikuwa na miguu mitano kwa sababu mwenye bucha alisema minne haionyeshi wingi wa nyama.

Lakini ukuta una mwenyewe, na huwezi kuutazama kabla hujamsalimu. Yusta alipiga makofi mepesi, akasema "Mwakeye," salamu ya Waha, kisha zikafuata habari za nyumbani, za maharage, za wagonjwa, za mbuzi. Kila ukuta ulikula robo saa kabla picha haijatajwa. Wageni wengi walidhani hiyo ndiyo ziara yenyewe, na hawakukosea sana.

Jumamosi moja ya Juni 2014 akaja Japhet, mkufunzi wa sanaa kutoka Kasulu. Alitaka kuona njia kwanza, ili wiki ijayo alete wanafunzi arobaini. Arobaini! Yusta hakuwahi kupata zaidi ya watano.

"Mama, gari linaondoka saa nne," Japhet alisema walipofika ukuta wa sita. "Tukimbie."

Wakakimbia. Bazilio alikuwa ameketi mlangoni pa mashine yake, mikono magotini, tayari kwa salamu. Yusta akanyoosha kidole: "Ule pale, mwalimu." Japhet akapiga picha mbili, wakaondoka.

Alasiri hiyo soko zima lilikuwa na habari: Bazilio amenunua ndoo ya chokaa, anataka kuifuta picha yake. Na bila ukuta ule, ambao kila mgeni aliukumbuka kuliko mingine, wanafunzi arobaini wangekuja kutazama nini cha mwisho? Ndoo?

Jumatatu asubuhi Yusta alikuwa mlangoni pa mashine, amechuchumaa, anapiga makofi.

"Mwakeye, mzee wangu."

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Yusta."

"Yusta yupi? Ninayemjua ana mdomo. Jumamosi alipita mwingine hapa, bubu, akainyooshea nyumba yangu kidole kama anaonyesha choo."

Wanawake waliokuwa wakisubiri zamu ya kusaga mahindi wakaangua kicheko.

"Nilikosa, mzee. Mgeni alikuwa anangojwa na gari."

"Gari limekuzaa?"

"Mwambie, mzee!" akadakia mmoja.

Yusta akauliza habari za mke, za goti, za wajukuu, za mbuzi. Bazilio akajibu moja moja, bila kuruka kitu. Mbuzi peke yake alichukua dakika kumi.

"Haya," akasema mwishowe. "Hiyo ni salamu ya leo. Ya Jumamosi iko wapi?"

Yusta akaanza upya.

"Jumamosi mbuzi alikuwa mzima kabisa," Bazilio akamweleza kwa utulivu. "Kuchechemea alianza Jumapili."

Walipomaliza, mzee akatoa sharti lake. Ukuta utabaki, ila maelezo atayatoa yeye. Picha ilikuwa ya mwanamume mpana amembeba mwanamke mgongoni, wanavuka mto Malagarasi uliofurika. "Yule mwanamume," alisema, "ni mimi."

Yusta ndiye aliyekoroga kahawia ya yale maji. Alijua kwamba mwanamume yule ni baba yake Pasikali, siku walipoikimbia Burundi. Akaitazama ndoo ya chokaa.

"Ni wewe, mzee," akasema.

Jumamosi wanafunzi arobaini walipanga mstari, wakapiga makofi, wakasema "Mwakeye" mmoja baada ya mwingine. Japhet alikuwa wa kwanza, wala hakutazama saa. Bazilio, ndani ya koti analovaa kwenye harusi za watu, aliwajibu wote, kisha akausimulia mto: kina chake, baridi yake, jinsi alivyoukanyaga. Alisimulia vizuri kuliko Yusta alivyopata kusimulia miaka yote miwili.

"Na huyo mama aliyebebwa ni nani?" akauliza msichana mmoja.

Hilo Bazilio hakuwa amejiandaa nalo. Akamgeukia Yusta.

"Ni mama mzazi wa mchoraji," Yusta akasema. "Pasikali mwenyewe alikuwa tumboni."

Wanafunzi wakautazama tena ukuta. Bazilio naye akautazama.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo maana alikuwa mzito vile."