Jino la Mzee Sumaili

Mwanangu, kitu cha kunishangaza mimi hapa duniani hakipo. Nimelala na nyoka kibanda kimoja. Nimetoka Lusangi na kaptula moja, na leo nina dragi mbili kwenye mto Luama, nyumba ya mabati Kabambare, na pikipiki tatu zinazobeba watu mpaka Kasongo. Shule niliacha darasa la tatu, lakini hesabu hainidanganyi. Basi ukinisikia nasema nakumbuka siku moja nilishtuka mpaka nikapiga teke, ujue siku hiyo ilikuwa siku.

Nilikuwa kijana kama wewe, shingo nene, masikio madogo. Dragi unaijua: mashine mbili juu ya mapipa. Moja inavuta mchanga kutoka chini ya mto, nyingine inasukuma hewa ndani ya mpira mwembamba ambao mzamiaji anaung'ata kwa meno. Kule chini macho hayana kazi, maji ni kama chai ya maziwa, unapapasa tu. Kiunoni umefungwa kamba, na juu kuna mtu ameishika. Akivuta mara mbili, unapanda. Hakuna kuuliza sababu.

Kamba yangu aliishika Mzee Sumaili, Mubangubangu, kabila la wenyeji wa kule, wa umri wa baba yangu, aliyezamia kabla yetu sote. Mimi nilimwona mwoga. Zamani zake, walisema, akivutwa kamba alipanda hata kama anaacha dhahabu aliyokwisha kuigusa. Mimi nilikaa chini kuliko wote, wenzangu wakanisifu, wakaniita Kiboko, si Asani tena, na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Siku hiyo vidole vyangu viliingia kwenye ufa wa jiwe. Kokoto za mle ndani zilikuwa nzito, uzito ule ambao mzamiaji anaujua hata akiwa amelala. Sasa, sheria ya dragi yetu ilikuwa hii: ukipanda, zamu yako imekwisha, na anayeshuka nyuma yako anarithi shimo. Nikawaza, niutafute ufa mimi, kisha aje kuula mwingine? Kamba ikavutwa mara mbili. Sikupanda. Ikavutwa tena, kwa hasira. Ndipo nikafanya jambo ambalo hata leo wazamiaji wakilisikia wanashika kichwa: niliifungua kamba kiunoni, nikaifunga kwenye jiwe, nikaendelea na kazi yangu kwa raha.

Sikujua kwamba huko juu mkanda wa mashine ya hewa ulikuwa umekatika. Hewa iliyobaki ilikuwa ile ya ndani ya tangi, kidogo tu. Wanavuta kamba, kamba imekaza. Wakasema, basi, Asani amebanwa na mawe. Mzee Sumaili akavua shati, akashuka bila mpira, na pumzi yake ya kizee, akiufuata mpira wangu kwa mikono.

Mimi kule gizani nikasikia kitu kimenishika kifundo cha mguu. Nikasema moyoni, mamba. Nikakipiga kisigino kwa nguvu zangu zote, na zilikuwa nyingi. Kikaniachia. Hapo hapo hewa ikaisha mdomoni. Nikatupa kila kitu, nikapanda kama kizibo.

Juu nilimkuta Mzee ameng'ang'ania pipa, anatapika maji, ndevu zimejaa damu. Nami, bila kuuliza, naanza kusimulia jinsi mamba alivyotaka kunila. Mzee akatema kitu kwenye kiganja, akaninyooshea. Lilikuwa jino la mbele.

«Mamba yako njo hii,» akasema.

Watu walicheka, kisha wakamkimbilia, maana alitaka kusimama akaanguka. Tulimlaza kwenye mkeka ukingoni. Alikohoa mpaka jua likaelekea kuzama, nami nimekaa miguuni pake nikiomba kila Mungu niliyemsikia, wa msikitini na wa kanisani, asife kwa ajili yangu. Alipopata sauti, akaniita. Hakunitukana.

«Asani, mapafu uko nayo. Watu wa mapafu tulikuwa nao mingi hapa, wengine tuliwazika kule ngambo. Nilipovuta kamba, nilisikia jiwe. Mie nitajua namna gani kama weye ungali muzima?»

«Muzee, nilikuwa nimepata ufa.»

«Ufa haina miguu, mutoto yangu.»

Akaamuru nikae mwezi mzima bila kuzamia, nishike kamba za wengine. Nilinuna. Lakini kamba ile ilinifundisha kuliko shule. Kijana wa watu yuko chini, mke wake yuko ukingoni anasonga bugali, na wewe huna habari zake ila kamba inavyotikisika vidoleni. Akichelewa kujibu, unavuta tena, unahesabu pumzi zake. Ule ufa, ndiyo, waliula wengine. Nimepata nyufa nyingine, tena kubwa zaidi.

Jino nilitaka kulilipa, Mzee akakataa miaka mingi. Alilipenda pengo lake. Akija mzamiaji mpya mwenye majivuno, Mzee anafungua mdomo, anaonyesha kwa kidole: «Hapa njo Asani alipitia.» Kwa hiyo jina langu lilijulikana mto mzima kabla sijawa tajiri. Mpaka binti yake wa mwisho alipoposwa Kasongo, Mzee akaona haya kucheka mbele ya wakwe. Nikampakia kwenye pikipiki, nikampeleka mwenyewe kwa daktari wa meno. Nilitaka awekewe jino la dhahabu, dhahabu yangu, watu wajue nani amelipa. Akataka jeupe, kama la watu.

Basi, mwanangu unayetaka kuzamia, usiniulize habari za mapafu. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kwetu sisi wa mtoni ni kinyume, kushuka hata jiwe linaweza. Mzamiaji mzuri ananusa hewa ya mpira kabla ya kuung'ata. Hagombani na mshika kamba wake asubuhi ya kazi. Akiitwa, anapanda, hata kama vidole vimegusa utajiri, maana kule juu kuna mtu ambaye moyo wake umesimama mpaka amwone.

Mungu akupe pumzi ndefu, akupe na mtu mwaminifu wa kuishika kamba yako, na kila utakapozama akupandishe ukiwa mzima, ule bugali ingali moto. Amina.

Na jino, kwa kuwa najua utauliza: dola themanini na tano, na franka elfu moja ya muwa alionitaka nimnunulie njiani ili ajaribu jino lake jipya.