Mama Alipoongeza

Mimi ni mtu wa kuongeza. Mtu akisema moja nasema mbili, akisema mbili navuta kiti nikae vizuri nimalizane naye. Mdogo wangu wa kiume, anayeuza mchele Igawa, ndivyo alivyo pia. Mama yetu hayuko hivyo. Akipandishiwa sauti hunyamaza akaenda zake jikoni, na kwa miaka mingi sisi wawili tuliamini kwamba kunyamaza kwake ni kukubali.

Baba alipofariki, mama alibaki peke yake kwenye nyumba yetu ya Mlandege, hapo Iringa mjini. Nikamwambia aje kwangu Uyole, pale Mbeya mjini, ninakofanya kazi ya kufundisha wakulima mambo ya mbegu. Mdogo wangu akasema aende kwake, baridi ya Mbeya itammaliza. Nikasema nitampa chumba kinachopata jua la asubuhi. Akasema yeye atamjengea chumba kipya, choo humohumo ndani. Nikasema kwangu hospitali iko karibu. Akasema kwake kuna wajukuu watatu. Mwaka mzima tuliendelea hivyo kwenye simu, kila mmoja akipanda juu ya mwenzake, mpaka tukaacha hata kusalimiana. Mama naye tulimpigia, lakini ilikuwa kumpa taarifa tu.

Krismasi tukakutana nyumbani kwake. Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, mdogo wangu akatoa karata. Ni yeye aliyetufundisha poka. Yeye mwenyewe alijifunza kwenye simu akisubiri magunia yake yapakiwe. Kwetu inachezwa kwa maharage, na kila rangi ina thamani yake, meupe ndiyo makubwa. Aliyeishiwa anatoka, na anayebaki na yote ndiye bingwa. Mama huwaambia wenzake wa kanisani kwamba ile si kamari, ni maharage.

Siku hiyo alileta kopo lililojaa, akatugawia mafungu sawa, kisha akakaa.

"Leo tucheze kwa maana," alisema. "Atakayeshinda ndiye aseme mimi nikae wapi. Halafu hayo maneno yenu yaishe, nimechoka kuyasikia."

Tulicheka. Kisha mimi na mdogo wangu tukatazamana, na kicheko kikakatika. Nilivuta kiti.

Kwa asiyeujua mchezo: kila mtu anapewa karata mbili za siri, na tano za wote hulazwa katikati kifudifudi. Kabla za katikati hazijafunuliwa, mmoja anaweza kuweka maharage, na mwenzake ana njia tatu. Anatupa karata zake, au anafuata kwa kuweka kiasi kilekile, au anaongeza juu ya alichoweka yule. Mdogo wangu anaamini kwamba kwenye mashindano kufuata ni woga. Maharage yanapungua, muda unakwenda, kwa hiyo ukipata karata nzuri na mtu ameshaongeza, ongeza juu yake, mfukuze, kusanya. Mimi sikuhitaji kushawishiwa. Mama yeye alikuwa akitupa na kutupa, mara mojamoja akifuata, na sisi tukigombana sisi kwa sisi juu ya kichwa chake.

Mdogo wangu ndiye aliyetoka wa kwanza. Aliongeza, nikaongeza juu yake, akasukuma fungu lake zima kwa hasira zaidi kuliko kwa akili, na karata zikamkataa. Alikwenda kusimama mlangoni, mikono kifuani. Nilishangilia kimoyomoyo, siwezi kukataa. Ila baada ya hapo mama alianza kuyaokota maharage yangu kidogokidogo, mpaka akawa amenizidi kwa kiganja kimoja.

Ndipo nikapata wafalme wawili. Kabla sijagusa kitu, mama akasogeza maharage manne meupe katikati ya meza.

Mama alikuwa hajawahi kuongeza. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya fungu. Nilijua la kufanya, hata mtoto angejua: nisukume yote, atatupa kama kawaida yake, mchezo uwe wangu na mama aje Uyole. Nikamtazama. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anayatazama yale maharage manne kama mtu aliyeweka kitu chake pahala na anaogopa kitachukuliwa.

Nikisema nilimwonea huruma nitakuwa nadanganya. Kwanza nilitaka kumtega, nisimfukuze mapema. Lakini nilitaka pia kujua ana nini. Nilikuwa sijawahi kutaka kujua mama ana nini.

"Nafuata," nilisema.

Mlangoni mdogo wangu akasonya.

Zikafunuliwa tatu: nne, tisa, malkia. Mama akasukuma fungu lake lote bila neno. Nikasukuma langu, nikalaza wafalme wangu wazi. Yeye akalaza nne mbili, na ile ya katikati ikawa ya tatu; tatu zinazofanana huwapiga hata wafalme wawili. Karata mbili zilizobaki hazikunisaidia.

"Dada, ungeongeza pale mwanzo angetupa," mdogo wangu alisema.

"Ningetupa," mama alijibu. "Nne mbili tu? Ningetupa. Nimeshazoea." Akavuta kopo. "Basi nimeshinda mimi. Nabaki hapa."

Akaanza kuyarudisha maharage, akipangusa meza kwa upande wa kiganja. "Na mchunge, msiyaangushe chini. Mvua ikikolea nayapanda hapo nyuma. Mmenichezea mbegu yangu mchana kutwa."

Nikaangalia vidole vyangu. Vilikuwa vya kijivu, na karata zote zilikuwa na madoa. Maharage yale yalikuwa yamechaguliwa moja moja na kupakwa majivu yasiliwe na wadudu. Hilo ndilo ninalowafundisha watu, ndilo linalonilipa mshahara, na ninajua kwamba hakuna anayejisumbua hivyo kwa maharage ya kupika. Mama alikuwa na mpango wa kupanda mahali hapa tangu alipovuna. Jibu lilikuwa mezani mchana wote, limenipaka mikono, na mimi nilikuwa nahesabu rangi. Niliona aibu ambayo kushindwa peke yake kusingenipa.

"Mama," nilisema, "kwa nini unataka kubaki hapa?"

Alisimama na kopo mkononi. Mdogo wangu alitoka mlangoni akaja kukaa kwenye kiti chake cha mwanzo.

"Nitawaambia," mama alisema. "Kwanza nipe hilo moja. Umelifunika na kiganja."

Niliinua mkono. Lilikuwepo, jeupe, nami nikampa.