Zumari la Kwapani

Mimi sikwenda Guangzhou kujifunza muziki. Nilikwenda kununua madaftari, mifuko ya shule na midoli ya Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla, nijaze kontena, lipelekwe bandari ya Nansha likapande meli, kisha nianze upya. Ndiyo kazi yangu, na kwa miaka mingi ndiyo yamekuwa maisha yangu. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba kuna mama mzima wa Tanga alikuwa akisimama chini ya daraja la magari kila Jumapili, mfuko kwapani, anatoa sauti za mbuzi, usimbishie. Ni mimi huyo.

Ilianza siku niliyokuwa natoka Yide Lu na sampuli za kalamu begani. Jua kali, na nimetoka kugombana na laoban mmoja, yaani tajiri mwenye duka, aliyekuwa akinijibu "mei you", hakuna, hata kabla sijamaliza kuuliza. Nilikuwa nimefura. Nikapita karibu na daraja lile, nikasikia zumari.

Wallahi nilisimama katikati ya njia. Pikipiki ya umeme ikanipigia honi, nikaitukana kwa Kiswahili safi na yule kijana akanielewa vizuri tu. Ilikuwa sauti ile ile kali, ya puani, ambayo kwetu ukiisikia unajua pana harusi na unaanza kuuliza khanga zako mpya ziko wapi. Miguu ikanipeleka yenyewe. Chini ya daraja nikakuta wastaafu wa Kichina na kofia zao za jua, kila mmoja amekumbatia mfuko uliotokeza mabomba yanayokoroma juu ya bega, na mbele bomba moja jembamba lenye matundu ya vidole. Zumari la Waskoti. Nilishaliona kwenye televisheni, likipigwa na wanaume waliovaa sketi, lakini televisheni yetu ilikuwa na sauti mbovu. Sikujua kwamba linalia kama la mume wangu.

Maana mume wangu alikuwa mpiga zumari. Mchana alikuwa fundi bomba, lakini ikifika harusi, mtu wa Tanga anayejua mambo alimfuata yeye. Alikuwa akitia ule ulimi wa zumari, wa jani kavu, wote mdomoni, mashavu yakaumuka kama maandazi, akawa anavuta hewa kwa pua huku mashavu yanaendelea kusukuma, na wimbo haukatiki. Mashoga zangu walimpenda kwa utanashati wake. Mimi nilimpendea yale mashavu, na nasema wazi, sina wa kumwonea haya.

Kisha akaugua kifua kikuu, mimi niko huku. Akameza dawa mpaka zikaisha, na siku alipomaliza akaniambia kwenye simu, "Zumari basi tena, bibi. Pumzi hainitoshi." Nilitaka kulia, nikamwuliza kama mzigo umetoka bandarini. Tangu hapo hakulitaja tena. Watoto wameshatawanyika, mmoja yuko Dodoma na mwingine kamfuata mumewe Arusha, na yeye kabaki peke yake katika nyumba niliyoijenga kwa midoli. Kila nikipiga simu nauliza, "Kifua je?" Anajibu, "Kifua ndicho hiki," kisha anahamia kwenye habari za bati.

Basi nilisimama pale chini ya daraja na kalamu zangu, machozi yananitoka, na wazee wa watu wananipa karatasi za kujifutia. Nilikuwa na hamu na mume wangu. Si hamu ya kumsikia kwenye simu, hiyo ninayo kila siku na imenichosha. Nilitaka kumsikia akipuliza.

Hapo ndipo nikamwona bibi mmoja asiyepuliza. Wenzake wote wamevimba mishipa ya shingo, yeye katulia na peremende mdomoni. Chini ya kiwiko chake alikuwa amefungiwa mvukuto, kama wa mhunzi lakini mdogo. Kila akibana kiwiko, hewa inaingia kwenye mfuko, na mfuko unaliza zumari. Lake lilikuwa dogo kuliko ya wenzake na sauti yake ya upole. Nikamwashiria mwalimu wao, mzee mwembamba aliyefanya kazi Hong Kong ujanani na kujifunza huko: kwa nini huyu hapulizi? Mzee akashika kifua, akajifanya anahema kwa tabu, kisha akamwonyesha yule bibi. Ana pumu.

Moyo ukanilipuka, paa! Kama mwenye pumu anapiga, mume wangu atashindwaje? Nikaamua pale pale. Nitajifunza mimi kwanza, maana yule mtu ni mbishi, akifundishwa na mgeni atasusa. Nikishajua, nitanunua zumari lenye mvukuto, nitamfundisha, na atapiga tena. Sikumwambia mtu.

Jumapili iliyofuata mwalimu akanikabidhi bomba la mazoezi, halina mfuko wala mvukuto. Kila mwanafunzi huanza nalo hata kama ni wa mvukuto, vidole vishike adabu. Juu lina kifuniko, unapuliza kwenye kifuniko, na ulimi wenyewe umejificha ndani. Sasa mimi, mke wa mpiga zumari, nikaona kifuniko hicho ni cha kuwazuia wasiojua. Nikaking'oa. Nikautia ule ulimi wote mdomoni, nikajaza mashavu, nikavuta hewa kwa pua kama nilivyomwona bwana wangu miaka yote, nikapuliza kwa majivuno. Ikatoka sauti ya bata aliyekanyagwa, na ulimi ukapasuka. Mwalimu akaruka kama kaumwa na nge. Alipoona mashavu yangu bado yamejaa, akanyoosha vidole viwili, akayabonyeza, fyuu, kikundi kizima kikacheka mpaka wakakaa chini. Akanipa ulimi mwingine na kukifunga kifuniko kwa mikono yake mwenyewe.

Kichina changu ni cha sokoni tu. Najua kuuliza bei, kukataa, na kulalamika. Kwa hiyo vidole vikinishinda nilikuwa namwambia mwalimu, "Tai gui le," ghali mno, naye ananijibu kwa lugha ile ile ya duka kwamba bei haishuki. Tulielewana vizuri kuliko nilivyowahi kuelewana na mwenye duka yeyote. Tabu kubwa ilikuwa kwamba zumari lile halinyamazi. Mfuko ukishajaa, sauti inatoka tu, huwezi kukata sauti ili urudie ile ile. Ukitaka kuirudia, unairusha sauti nyingine katikati kwa kidole, haraka kama mtu anayefukuza nzi. Nilifukuza nzi huyo mpaka vidole vikafa ganzi.

Chumbani nilikuwa nakaa na mfanyabiashara mwenzangu wa Unguja, mwanamke wa maneno.

"Shoga, hiyo nini? Mwenye nyumba atadhani tunachinja humu ndani."

"Nafanya mazoezi."

"Ya nini? Umri huu?"

Nikarudi kwenye bomba langu. Akaniangalia, akaiangalia picha ya mume wangu kwenye simu yangu, akaachia kicheko. "Aa! Mapenzi kikohozi. Haya, puliza mwanangu, mimi nakwenda kuoga." Tangu siku ile kila nikianza alikuwa akienda kuoga. Sijawahi kumwona mtu msafi kama yule.

Miezi ikapita, nikapewa mvukuto wa kujifunzia. Kiwiko kimoja kinabana mvukuto, kwapa jingine linabana mfuko, kama umekwapa kuku anayetaka kukimbia, na vidole viko kwenye kazi yao. Nyimbo za Waskoti za mwalimu zilinishinda, nikamwambia nina wangu. Nikaanza kuutafuta wimbo ambao mume wangu alikuwa akimtolea bibi harusi. Sikuwa nimeuandika popote, ulikuwa kichwani. Ukaja wote isipokuwa pahala pamoja, maana bomba lile lina sauti tisa tu, na ile ya pale haimo. Nilihangaika nayo, nikaipachika ya jirani yake, na roho ikaniuma.

Mwishowe nikanunua zumari langu lenye mvukuto. Kontena lilikuwa linapakiwa wiki ile ile, nikasema vema, nalo liende na midoli. Lakini kwanza nimpigie, aone.

Ilikuwa saa tisa mchana huku, saa nne asubuhi kwao. Mwalimu akashika simu. Mume wangu akatokea, amekaa barazani na singlendi.

"Uko wapi? Mbona giza?"

"Chini ya daraja. Nyamaza, sikiliza."

Nikabana. Mabomba yakakoroma, nikaanza. Nilikosea mwanzoni, nikakosea katikati, lakini nilifika mwisho, jasho linanitiririka. Nilipoinua macho, mume wangu alikuwa ameisogeza simu karibu mno, naona jicho moja tu.

"Umeupata wapi wimbo wangu?"

"Kwako. Na hili zumari ni lako. Halitaki pumzi, bwana, unabana kiwiko tu. Nitakufundisha. Utapiga tena, na hicho kifua kikae kitako."

Simu ikashuka, nikawa naona sakafu ya baraza tu. 

"Bibi," akasema, "kifua changu kizima."

"Kizima vipi?"

"Kizima. Kilipona zamani. Tangu ile Ramadhani uliyosema unakuja, likaja jokofu."

Mwaka ule nilituma jokofu, mimi nikabaki huku na oda zangu. Yeye akaendelea, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. Alisema siku jokofu lilipofika alilitoa zumari lake, akakaa hapo hapo barazani, akapiga mwanzo mpaka mwisho, na pumzi ilimtosha. Akamaliza. Hakuna aliyemwambia acha kelele, hakuna aliyemwambia rudia. Kuku walikuwa wanatembea. Akalifuta, akalifunga ndani ya kitambaa.

"Nikaona nikikwambia ni kifua, utakuja kunitazama."

"Mwongo mkubwa wee!" Nilipiga kelele mpaka wazee wakageuka. "Mimi nakesha kwa kifua chako! Nimekwapa mdudu huyu tangu baridi, nimechekwa na mji mzima, kumbe u mzima kama jiwe! Mungu anakuona!"

Akaanza kucheka. Alicheka kicheko chake cha zamani, kirefu, kinachoshuka mpaka tumboni, na mimi huku namtukana nikajikuta nategea sikio, nasubiri akohoe. Hakukohoa. Alicheka mpaka kikaisha chenyewe, akajifuta macho.

"Pale katikati umekosea," akasema.

"Sauti hiyo humu haimo."

"Langu linayo. Basi tutapiga pamoja, pale nitapita mimi. Lete hilo dude lako tuwakere majirani."

Nikashukuru Mungu, nikasema haraka, kabla hajageuza nia, "Nalitia kwenye kontena wiki hii. Likitoka Nansha—"

"Sikukwambia tuma," akasema mume wangu. "Nimekwambia lete."

Nilifungua mdomo kumwambia ngoja mzigo huu uondoke, kisha kuna oda ya mifuko ya shule. Maneno yalikuwa tayari, nimeyasema mara nyingi mno. Niliyameza. Nikamwambia asikate, asubiri hapo hapo, nikamgeukia mwalimu na Kichina changu cha sokoni, nikamwonyesha zumari, nikamwonyesha mbinguni, nikamwuliza kama watu wa ndege huwa wanakubali mtu alipakate.